Dawa Haina Kadha

Kila siku, jua lilipoanza kuchungulia juu ya mikorosho, Bi Biasha alikuwa amekwisha kufagia uwanja, kubandika maji na kumfukuza jogoo asile kunde zilizoanikwa. Ndipo aliponawa mikono kwa sabuni, akaingia chumbani kwa mumewe na chupa ya dawa.

Nyumba yao ilikuwa katika kijiji kimoja cha kata ya Mandawa, wilaya ya Ruangwa. Ilikuwa nyumba ya udongo, bati mbele na nyasi nyuma, maana bati zilikwisha kabla paa halijakwisha. Walilima korosho na ufuta, na mihogo ya kula. Waliishi watatu: Bi Biasha, mumewe Mzee Yunusi, na binti yao Zulfa, aliyerudi nyumbani kumsaidia mama yake kuuguza.

Mzee Yunusi alikuwa na kansa. Ilianzia kwenye tezi ya chini ya kibofu, ikaingia mifupani. Katika hospitali kubwa madaktari walimwambia ukweli: ugonjwa umekwenda mbali, hautaondoka. Lakini maumivu, walisema, yanaweza kuondoka. Wakampa dawa ya maji inayoitwa mofini.

Aliyekuwa akimtembelea nyumbani ni Nesi Felomena, mzaliwa wa Rombo, aliyehamishiwa kusini miaka sita nyuma. Siku ya kwanza alikaa na Bi Biasha kwenye mkeka, akamwonyesha kijiko cha dawa.

"Kijiko kimoja saa kumi na mbili asubuhi, mama. Kimoja saa nne. Kimoja saa nane. Kimoja saa kumi na mbili jioni. Saa nne usiku viwili, ili alale mpaka asubuhi. Usingoje maumivu yaje. Dawa iwahi, maumivu yaikute imekaa."

"Mmm," alisema Bi Biasha. "Kama kumwahi nguruwe shambani. Ukingoja umsikie, mihogo imekwisha."

"Hapohapo," alisema nesi, akacheka.

Bi Biasha alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini saa ya ukutani aliijua vizuri. Hakukosea hata mara moja. Kabla ya dawa hiyo Mzee Yunusi hakuwa akilala. Alikuwa akiuma pembe ya shuka ili watu wasimsikie. Baada ya dawa alilala, akala, akaanza tena kumtania mkewe kwamba uji wake una mabonge kama barabara ya Nachingwea.

Mwaka ule, mwaka 2008, Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Septemba. Mwezi ulipoandama, Mzee Yunusi alisema, "Mama Zulfa, kesho nafunga."

"Na dawa je?"

"Nimefunga tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Sijaacha hata mwaka tulipochomewa shamba. Hii huenda ndiyo Ramadhani yangu ya mwisho. Unataka niipokee nikinywa vijiko mchana?"

Bi Biasha hakutaka kumnyima mumewe kitu anachokitaka hivyo. Lakini hakutaka pia kumwona akiuma shuka. Alifikiri jambo hilo wakati akimenya ming'oko, vile viazi vya porini, na kabla ya kumaliza ungo alikuwa amepata njia.

Swala ikikupita huiachi. Unaiswali baadaye, kadha. Siku ya kufunga ikikuharibikia huiachi. Unailipa mwezi ukiisha. Kila jambo jema lililopita wakati wake lina kadha yake. Basi na dawa vilevile. Kijiko cha asubuhi atampa wakati wa daku. Kijiko cha saa nne na kijiko cha saa nane vitapita, lakini atavikidhi jioni pamoja na cha saa kumi na mbili. Atampa vitatu kwa pamoja wakati wa kufuturu. Hakuna kitakachopotea.

Mzee Yunusi alikuwa pia na vidonge vya presha alivyoanza kunywa miaka minne nyuma, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Hivyo navyo Bi Biasha alivipanga jioni, viwili kwa pamoja. Alijiona amefanya kazi nzuri.

Siku ya kwanza mchana ulikuwa mrefu. Ilipofika alasiri Mzee Yunusi alikuwa kimya, jasho linamtoka. Jioni alimeza tende, maji kidogo, vidonge viwili na vijiko vitatu. Baada ya muda maumivu yaliondoka. Lakini aliondoka na yeye. Alisinzia kijiko cha uji kikiwa mkononi.

"Saumu imemchosha," alisema Bi Biasha.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Siku ya tatu alisema, "Nikisimama, nyumba inazunguka." Zulfa akamwangalia mama yake. Mama yake akasema, "Njaa hiyo. Ale daku vizuri."

Siku ya nne alifuturu pamoja nao jirani yao Kaimu. Kaimu alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mzuri, na alikuwa mtani wa Mzee Yunusi. Alikuwa amefanya biashara ya mitumba Dar es Salaam kwa miaka kumi, kwa hiyo hakukuwa na jambo asilolijua.

"Mzee huyu anafunga kumbe?" alisema Kaimu akichovya muhogo kwenye mchuzi. "Nilidhani nitapata futari yake."

"Utapata ya kuosha sufuria," alijibu Mzee Yunusi. Sauti yake ilikuwa nzito, inavuta.

Mzee alikuwa amekunywa dawa mapema, adhana ilipoanza tu. Kaimu alipomaliza bakuli la pili, ukatandikwa mkeka wa kuswali magharibi. Kaimu alikuwa mbele, Mzee Yunusi nyuma yake kidogo, mkono wake ukigusa ukuta. Rakaa ya kwanza alisujudu vizuri. Alipoinuka kutoka sijida ili asimame, Bi Biasha alisikia kishindo. Alitoka jikoni mbio. Mumewe alikuwa chini, kofia imeviringika mpaka mlangoni.

"Baba Zulfa! Baba Zulfa!"

Uso wake ulikuwa baridi na wenye jasho. Zulfa alimulika kwa simu yake ya tochi. Kaimu akainama, akamfunua jicho.

"Hee! Tazameni mboni zake. Zimekuwa ndogo kama mbegu ya ufuta. Nimewaona vijana wa Dar wakiwa hivi, wanasinzia wamesimama kama farasi. Shemeji, hii mnayompa ni unga!"

"Unga gani, mwe? Ni dawa ya hospitali!"

"Hospitali, lakini ni ukoo uleule. Inausimamisha moyo. Mguse hapa."

Bi Biasha aliweka kiganja kifuani mwa mumewe. Moyo ulikuwa unapiga, lakini polepole, kama mtu anayetwanga huku anafikiri mambo mengine. Alihesabu mapigo, moja moja. Mimi ndiye niliyempa, aliwaza. Kwa mkono huu huu.

Baada ya muda kidogo wa kulala chini, Mzee Yunusi alifungua macho. "Nimemaliza rakaa ngapi?" aliuliza.

Walimlaza kitandani, na Bi Biasha akakaa karibu naye akisikiliza pumzi zake. Chupa ya dawa aliichukua, akaizika katika gunia la ufuta wa mbegu. Vijiko viwili vya usiku hakumpa. Moyoni aliapa kwamba dawa ile haitaingia tena kinywani mwa mumewe.

Ilipofika asubuhi, maumivu yalikuwa yamerudi. Hayakurudi polepole. Yalirudi kama watu waliofungiwa nje. Mzee Yunusi aliuma shuka. Ilipofika saa tatu shuka halikutosha, na sauti yake ikasikika mpaka kwa Kaimu.

"Mama Zulfa," alisema. "Nimekukosea nini?"

Bi Biasha alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba, kanga mdomoni. Akimpa dawa, moyo utasimama. Asipompa, maumivu yatammaliza mbele ya macho yake. Njia ya tatu hakuiona.

Zulfa alimfuata huko. "Mama, dawa iko wapi?"

"Niache."

"Mama, hata kama dawa ni mbaya, tumuulize aliyetupa. Namba yake imeandikwa kwenye chupa."

Bi Biasha aliingia ndani, akatia mkono katika gunia la ufuta mpaka kwenye kiwiko, akaitoa chupa.

Siku zile simu katika kijiji chao ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kikubwa kilicho nyuma ya shule. Zulfa alipanda pale, akainua simu kama mtu anayetega mvua, ikashika.

Nesi Felomena alisikiliza. Alimkatiza mara moja tu. "Anaamka ukimwita? Anapumua vizuri? Sawa. Alale. Asisimame peke yake. Mpe maji akikubali. Nakuja."

Alifika kabla ya saa sita, pikipiki nyekundu kwa vumbi, na yeye mwenyewe mwekundu nusu. Hakuuliza mengi. Alihesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima, akapima presha yake, akamwangalia macho. Kisha akachukua kijiko, akakijaza mara moja.

"Nesi!" Bi Biasha alimshika mkono. "Utamwua."

"Mama yangu, kijiko kimoja amekinywa miezi miwili na hakikumwua. Macho yake sasa ni mazima, pumzi zake ni nzuri. Acha kwanza apumzike. Halafu tutazungumza mimi na wewe, na utaniambia kila kitu."

Mzee Yunusi naye aliweka kizuizi kingine. "Nimefunga," alisema huku meno yameumana.

Nesi alishusha kijiko. "Baba, mimi ni Mkristo. Sitakufundisha dini yako. Nani anaweza?"

Zulfa alikwenda kumwita Maalim Abdulatifu, mwalimu wa madrasa, ambaye nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka pale. Maalim alikuja na kiatu kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia visivyofanana, maana alisikia ni haraka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika Mzee Yunusi mkono.

"Ndugu yangu, nani aliyekulazimisha?"

"Sijalazimishwa, Maalim. Nimetaka."

"Mwenyezi Mungu amewapa wagonjwa ruhusa. Ni zawadi. Mtu akikuletea zawadi ukamfungia mlango, hiyo ni adabu? Mgonjwa anayetazamia kupona hufungua, akalipa baadaye. Mgonjwa wa maradhi ya kudumu hufungua, akalisha maskini mmoja kwa kila siku. Kunywa dawa yako. Kwa kila siku yako moja, Zulfa atapeleka chakula kwa bibi kizee wa kule kisimani. Ibada yako ni hiyo."

Mzee Yunusi alifumba macho. Chozi lilimtoka upande mmoja. Kisha akafungua kinywa, nesi akamtilia dawa.

Baada ya kama nusu saa uso wake ulianza kukunjuka, paji la uso kwanza, halafu taya. Bi Biasha aliona vidole vya mumewe vikiachia shuka, kimoja kimoja. Ndipo naye alipokaa chini, na yote yakamtoka: daku, saa nne na saa nane zilizopita, vijiko vitatu vya futari, vidonge viwili vya presha.

"Niliona nikidhi," alisema. "Swala ina kadha. Saumu ina kadha. Nikasema na dawa. Halafu nesi, ya usiku wewe mwenyewe si uliniambia viwili? Nikaona basi vitatu si mbali."

Nesi Felomena hakumgombeza. Alivuta kigoda karibu.

"Mama, umefanya kwa mapenzi. Lakini nikuambie kweli, jana mngeweza kumpoteza. Vile viwili vya usiku vilipimwa na daktari. Vitatu havikupimwa na mtu. Dawa hii ikizidi, kwanza mtu anasinzia sana, mboni zinakuwa ndogo, halafu pumzi zinakuwa chache, chache, mpaka zinaweza kusimama. Kijiko kilichopita wakati kimepita. Usikirudishe. Mpe cha saa inayofuata, hichohicho kimoja. Dawa haina kadha."

Maalim Abdulatifu, aliyekuwa bado amekaa, alitikisa kichwa taratibu. "Hilo nitalisema msikitini," alisema. "Naamini si huyu peke yake."

"Na moyo?" aliuliza Bi Biasha. "Nimeugusa kwa mkono wangu. Ulikuwa unapiga kama hautaki."

Nesi alitazama huku na huku, akaona kanzu ya Mzee Yunusi imetundikwa msumarini. Akaichukua, akashika kishikizo cha shingoni.

"Angalia. Kishikizo hiki kina tundu lake. Ukileta kishikizo kikubwa hakiingii. Kidogo kinachomoka. Ndani ya miili yetu kuna vitundu kama hivi, vidogo sana, havionekani kwa macho. Vinaitwa vipokezi. Dawa hii ni kishikizo chake. Ikiingia kwenye vipokezi vya ubongo na uti wa mgongo, habari ya maumivu haipiti."

"Nimeelewa."

"Sasa, vipokezi hivyo havipo kichwani tu. Vipo tumboni, ndiyo maana nilikuambia umpe papai na maji, choo kisifunge. Na vipo kwenye moyo, na kwenye mishipa ya damu."

Kutoka kitandani sauti ya Mzee Yunusi ilisikika, safi kwa mara ya kwanza tangu jana. "Kwa nini viwekwe kwenye moyo? Moyo unataka nini na dawa ya maumivu?"

Wote waligeuka. Bi Biasha alicheka na kulia kwa pamoja.

"Swali zuri, baba," alisema nesi. "Ni kwa sababu mwili una dawa yake yenyewe ya namna hii. Unaitengeneza wenyewe. Umewahi kujikata na panga shambani, ukaendelea kufyeka, maumivu ukayasikia umefika nyumbani?"

"Mara nyingi."

"Na mama hapa, siku ya kumzaa Zulfa."

"Usinikumbushe," alisema Bi Biasha.

"Mwili uliwapa dawa yake. Wakati wa maumivu au hofu, moyo hutaka kukimbia. Ile dawa ya mwili inaingia kwenye vipokezi vya moyo, inauambia: taratibu. Inaingia kwenye mishipa, inaiambia: legea kidogo. Wataalamu wanaona hata inaweza kuusaidia moyo kuvumilia pale damu inapoupungukia, ingawa bado wanachunguza. Kwa hiyo mofini si mgeni kwa moyo. Inaingia kwenye matundu yaleyale."

"Kumbe si adui," alisema Bi Biasha.

"Si adui. Ikija kwa kipimo, moyo unatulia. Lakini jana ilikuja mara tatu kwa mkupuo. Ikauambia moyo taratibu, taratibu, taratibu. Na mishipa ikalegea kupita kiasi. Zulfa, niletee kikombe cha maji, na beseni."

Zulfa akaleta. Nesi akaonyesha kikombe, kimejaa mpaka mdomoni. Kisha akayamimina yale maji katika beseni. Yalitandaa chini, hayakufika hata kwenye kifundo cha kidole.

"Maji yamepungua?"

"Hapana," alisema Zulfa. "Chombo kimekuwa kipana."

"Basi hiyo ndiyo mishipa iliyolegea. Damu ni ileile, lakini imekaa chini, miguuni. Mtu akiinuka ghafla, kichwani haifiki kwa wakati. Anaanguka. Sasa ongeza: alishinda bila maji, kwa hiyo hata maji ya kikombe yalikuwa pungufu. Ongeza tena: vidonge viwili vya presha, navyo kazi yake ni kushusha presha. Mambo matatu yalikutana juu ya mkeka mmoja."

"Wakati wa kuinuka sijida," alisema Maalim.

"Wakati huohuo."

Nesi alipima presha tena, mgonjwa akiwa amelala. Kisha akamkalisha, akangoja kidogo, akapima tena. Ilikuwa imeshuka. Alimtazama mikono yake iliyokonda.

"Vidonge hivi alianza alipokuwa na mwili. Sasa mwili umepungua, vidonge havijapungua. Siwezi kuamua mwenyewe. Kichuguu chenu kiko wapi?"

Alikwenda na Zulfa, akapanda kichuguuni na sare yake nyeupe, akazungumza na daktari. Aliporudi alisema, "Daktari amesema vidonge vya presha avipumzishe kwa sasa. Nitakuja kila wiki kupima. Msiache dawa nyingine yoyote kwa kusikia haya. Hizi ni habari za mzee huyu, si za kila mwenye presha."

Wakati huo Kaimu alikuwa amesimama mlangoni, amejifanya amekuja kurudisha bakuli.

"Nesi, lakini si kweli kwamba ni ukoo wa unga?"

"Ni kweli, kaka. Ni ukoo mmoja. Wembe unaomnyoa mtoto siku ya arobaini ndio huohuo unaokata mtu. Inategemea nani ameushika, na kwa nini. Ndiyo maana chupa hii inakaa juu, inafungwa, na hapewi mtu mwingine."

"Aah. Maana mgongo wangu nao," alisema Kaimu akijishika kiuno. "Nilikuwa nataka kusema, kijiko kidogo tu."

"Mgongo wako unaumwa kwa kuinamia madirisha ya watu," alisema Mzee Yunusi kutoka kitandani.

Nyumba nzima ilicheka. Kaimu alicheka kuliko wote, na alipokuwa akiondoka alipangusa macho.

Kabla ya kuaga, Nesi Felomena alimfundisha Mzee Yunusi kuinuka. Kwanza alale ubavu. Kisha akae, miguu chini, anywe maji. Angoje. Halafu ndipo asimame, mtu akiwa karibu.

"Angoje kiasi gani?" aliuliza Bi Biasha. "Dakika siwezi kuzihesabu na huku namshika."

Mzee Yunusi alijibu mwenyewe. "Nitavuta tasbihi. Subhanallah thelathini na tatu, polepole. Nikimaliza nasimama."

"Inatosha kabisa," alisema nesi. "Na mkiona kizunguzungu, rudini chini. Akisinzia asiamke kwa urahisi, au pumzi zikawa chache, msimpe kijiko kinachofuata. Nipigieni hapohapo."

"Na swala?"

Maalim alisema, "Ukae, ndugu yangu. Uswali umekaa. Rukuu ya kuinamisha kichwa inatosha. Aliyekuumba anajua magoti yako."

Kuanzia siku ile Bi Biasha alirudi kwenye saa ya ukutani. Saa kumi na mbili, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili. Siku moja mazishi ya jirani yalimchelewesha, Zulfa naye akiwa kisimani, na saa nane ikapita mpaka jioni. Alirudi mbio, akakuta mumewe ameanza kujikunja. Mkono wake ulitaka kujaza vijiko viwili. Alikaa kwanza, akatulia, akajaza kimoja.

"Umechelewa," alisema Mzee Yunusi.

"Nimechelewa. Nisamehe. Lakini nakupa kimoja."

"Nipe kimoja."

Walingoja pamoja mpaka kikafanya kazi.

Kila jioni Zulfa alipeleka bakuli la chakula lililofunikwa kawa kwa bibi kizee wa kisimani. Mzee Yunusi mwenyewe ndiye aliyechagua kitu cha kuweka. "Leo mtieni samaki mkubwa," alisema. "Asije akasema saumu yangu ina miiba." Presha yake ilipopimwa wiki iliyofuata, akilala na akikaa ilikaribiana. Wiki ya tatu alisimama, akatembea mpaka kwenye mkorosho wa kwanza, na nyumba haikuzunguka.

Siku ya Idd Kaimu alibeba kiti kichwani mpaka uwanja wa kuswalia. Mzee Yunusi aliswali amekaa, kanzu imefungwa kishikizo cha juu. Swala ilipokwisha watu walianza kusimama na kupeana mikono. Yeye alibaki amekaa, midomo inacheza. Watoto walidhani amesahau. Kaimu alisimama pembeni, mkono tayari, akiwaambia watu, "Ngojeni, bado yuko ishirini na moja."

Nyumbani wageni walikuwa wengi na pilau lilikuwa limeiva. Saa nne ilipogonga Bi Biasha aliacha upawa, akanawa mikono, akapita katikati ya watu na chupa yake mpaka chumbani kwa mumewe. Mumewe alikunywa, akapangusa mdomo. Kisha akamtazama kwa muda mrefu, mpaka Bi Biasha akajitazama mwenyewe, labda ana masizi.

"Kunani?"

"Kanga mpya hiyo?"

"Mpya? Hii ninayo tangu masika, baba Zulfa. Nimeivaa humu chumbani kila siku."

"Sikuiona," alisema Mzee Yunusi. "Maumivu yalikuwa yamekaa mbele yako. Leo nimekuona."

Wageni walikuwa wakiita pilau. Bi Biasha aliwaacha waite. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaizungusha kanga ili mumewe aione na maandishi yake.